Nani Atamwogesha Ntate Phakoe

Mume wangu alipopigwa na kiharusi mwezi wa nne, upande wa kulia wote ulikufa, ila ulimi ulirudi baada ya wiki tatu. Mimi ningependa Mungu afanye kinyume, lakini hakuniuliza.

Jina lake Phakoe, na watu humwita Ntate Phakoe, yaani Baba Phakoe. Ni mtu mrefu, mifupa mizito, na kumgeuza kitandani kunataka mikono miwili mizima. Mimi nina mmoja. Bega langu la kushoto lilivunjika nilipoanguka kanisani, tena wakati wa kuimba, si wakati wa kusinzia, na tangu siku hiyo mkono haupandi kupita kifua. Mwanetu Seabata yuko Welkom, anachimba dhahabu chini ya ardhi, anarudi Pasaka na Krismasi. Nyumbani tulibaki wanawake watatu na mgonjwa: mimi, mkamwana wangu, na binti yake Khauhelo, ambaye mwaka ule alikuwa darasa la mwisho la sekondari.

Mkamwana tulimpa jina la 'Matseko siku alipoletwa, yaani mama wa Tseko, tukimngoja huyo Tseko azaliwe. Akaja Khauhelo. Tseko mpaka leo hajafika, lakini jina halirudishwi dukani.

Mtu wa mbali atasema, sasa shida iko wapi, si 'Matseko yupo? Yupo kweli. Anabeba gunia la unga wa mahindi begani, anapanda nalo kilima huku anasengenya, na pumzi haimkatiki. Lakini ni mke wa mwana. Kwetu mke wa mwana hamgusi baba mkwe. Hampi mkono, haketi kitandani kwake, hamtokei kichwa wazi, na jina lake halitamki. Miaka ishirini amekaa kwangu, sijamsikia hata siku moja akisema Phakoe. Akimpelekea chakula anapiga magoti, anatazama chini, kisha anarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Mtu kama huyo utamwambia amvue mzee suruali?

Kazi ikamwangukia Khauhelo, maana mjukuu hana mwiko kwa babu yake, anaweza hata kumcheka. Alfajiri msichana anachemsha maji, anamgeuza babu, anamfuta, anambadilisha, anampaka mafuta, ndipo anavaa sketi ya shule na kuanza kupanda. Shule iko ng'ambo ya mlima, mwendo wa saa mbili kwa miguu ya mbuzi, na saa mbili na nusu kwa miguu ya binadamu. Mwezi wa tano alichelewa. Mwezi wa sita alifika mchana. Mwezi wa nane alianza kukosa siku nzima, na zile siku alizokwenda mzee alilala upande mmoja kama gogo, mpaka kidonda kikafunguka mgongoni, chini, pale mfupa unapokaribia ngozi.

Muuguzi wa kliniki alikuja na farasi wake, akakitazama, akanyamaza. Muuguzi anayenyamaza ni mbaya kuliko anayefoka. Baadaye akasema mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, kidonda kisafishwe kila siku kwa maji ya chumvi, la sivyo kitafika mfupani na huko yeye hana dawa. Akamwona 'Matseko nje ya mlango na ile mikono yake minene, akauliza yule naye anafanya nini. Nikamwambia yule ni mkamwana. Muuguzi ni Mosotho kama sisi. Akafunga mkoba wake.

Aliyekata shauri alikuwa Letlatsa, mdogo wake mume wangu, anayekaa ng'ambo ya mto. Katika ukoo wetu Letlatsa ndiye mlinzi wa mila. Hakuna aliyemchagua, alijichagua mwenyewe siku nyingi. Alikaa kwenye kiti cha kaka yake, akatangaza kwamba mkamwana hatamkaribia mgonjwa, na msichana ataacha shule mpaka babu apone au afe. Shule haina miguu, akasema, mwakani itakuwa palepale. Na akisikia msichana ameondoka, atamfuata kwa farasi amrudishe, hata kama ana kalamu mkononi.

Barua ikaja kutoka kwa mwalimu mkuu. Mtihani wa mwisho unaanza Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, unachukua wiki tatu, na atakayekosa karatasi moja amekosa zote. Wanaotoka mbali wanaweza kulala darasani. Khauhelo aliisoma, akaikunja ndogo kabisa, akaenda kumgeuza babu yake. Watu walidhani msichana yule atasomea uuguzi, jinsi alivyozoea. Yeye alisema anataka kusomea kupima ardhi, kwa sababu ardhi haihitaji kugeuzwa.

Wiki mbili sikukaa. Nikikaa, nasimama. Naenda mlangoni, natazama njia ya mto kama Letlatsa anakuja, narudi kitandani, natazama kidonda, natoka tena. Mume wangu akaniuliza kama nina wadudu kwenye nguo. Nikamwambia ninaye mmoja, naye kalala hapo.

Jumamosi kabla ya mtihani nilimwita Khauhelo nikamwambia afunge godoro lake. Akauliza nani atamwogesha ntate-moholo, babu yake. Nikasema muuguzi amekubali kuja kila siku. Ulikuwa uongo mnene, wa kukaangwa kwa mafuta mengi, lakini nimemlea mtoto yule na najua anavyopenda kudanganywa: haraka, na bila kutazamwa usoni. Akaondoka Jumapili baada ya ibada, godoro kichwani, akigeuka nyuma kila hatua ishirini. Nilimpungia mkono mzima mpaka alipozama nyuma ya kilele, kisha nikaenda kumtafuta mama yake.

'Matseko alikuwa kwenye banda la nguruwe.

“Mwanangu,” nikamwambia, “vua kitambaa kichwani.”

“'M'e, mama yangu, na wewe umeanza kuumwa?”

Nikamweleza. Jicho la kulia la mzee halioni, na la kushoto linaona kama mtu anayetazama kupitia uji. Khauhelo ameacha sweta yake ya zamani, ya kijani. Akiivaa, akaacha kichwa wazi kama wasichana wa shule, akafanya kazi kimya, mzee atajuaje? Atakuwa ameogeshwa na mjukuu wake, na mkamwana atakuwa hajamgusa mtu.

“Na mkono wangu ukikauka kwa kuvunja mwiko?”

“Huo? Una mafuta ya kutosha.”

Hakucheka. Alilizunguka banda mara ya kwanza, akalizunguka mara ya pili. Akasema hata mzee asipojua, mimi nitakuwa najua. Nikamwambia nimejua makubwa kuliko hayo na bado nakula nashiba. Akasema Letlatsa akigundua atamrudisha kwao na aibu yake, na baba yake ameshakufa, atarudi kwa nani? Hapo sikuwa na mzaha wa kumpa. Nikamwambia tu kwamba saa ile nimembadilisha mzee shuka kwa mkono mmoja, na harufu ya kidonda imenifuata mpaka pale kwenye nguruwe.

Akasimama. Akasema, “Khauhelo akikosa mtihani, atakuja kuolewa mahali akae kama nilivyokaa. Nitafanya. Ila siku mtihani unaisha, na hili limeisha.”

Jumatatu asubuhi aliingia. Sweta ilikuwa ya Khauhelo alipokuwa na miaka kumi na minne, na 'Matseko ana arobaini na moja, na kila mwaka amekula vizuri. Vifungo viwili vya juu vilifunga, vingine vilitazamana kwa mbali. Kichwani nywele fupi zenye mvi upande wa mbele. Sikuwa nimewahi kuziona. Alishika beseni huku anatazama pembeni, maji yakamwagika mpaka kitandani.

“Khauhelo,” mume wangu akasema, macho yake juu ya paa, “maji ni ya kuogea au ya kumwagilia kabichi?”

Alipiga magoti. Nikamkanyaga kidole, maana mjukuu gani anampigia babu yake magoti kabla ya kumwosha? Akainuka. Akamshika mzee begani na kiunoni, akafumba macho kama mtu anayeruka mtoni, akamgeuza. Mara moja tu, kwa ulaini, kama mtu anayegeuza mkate kwenye sufuria. Khauhelo alikuwa anamgeuza kwa kuvuta na kuomba msamaha. Mume wangu akashusha pumzi ndefu. Tangu mwezi wa nne sikuwa nimeisikia ile pumzi.

Basi ikawa hivyo kila asubuhi, na kila baada ya saa mbili mpaka jua linazama. Akimaliza anatoka nje, anavua sweta, anajifunga blanketi na kitambaa, anarudi na chakula kama 'Matseko, magoti chini, macho chini, na kutoka kinyumenyume. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikishika sabuni, na roho yangu ikikimbia kwenda mtoni na kurudi. Nilihesabu karatasi za mtihani kwa vidole. Leo Kiingereza. Leo Sesotho. Leo jiografia, hiyo ataipata, milima yote anaijua kwa miguu.

Mume wangu naye akaanza kuongea. Alimwambia Khauhelo wake kwamba mama yake anapika mboga kama anaadhibu mtu. Nikaona mkono wa 'Matseko umekaza kitambaa na maji yakamshukia mzee sikioni. Kesho yake mboga ilikuwa laini, ina kitunguu. Siku nyingine akamsifu kwamba siku hizi ana heshima, anampa kikombe kwa mikono miwili, shuleni wamemfundisha nini? 'Matseko akabadilisha haraka, akampa kwa mkono mmoja, kikombe kikagonga meno.

Nimelala na mtu yule miaka arobaini na sita. Nilimtazama, naye akatazama paa. Sikuuliza. Kuna maswali ambayo ukiuliza unaharibu kazi.

Wiki ya pili, siku ya mvua ya mawe, 'Matseko alikuwa anakisafisha kidonda. Kilikuwa kimeanza kupungua, kingo zake nyekundu, safi. Mzee alikuwa amegeukia ukuta. Akaongea na ukuta.

“Khauhelo. Mama yako asinione hivi. Akiniona nitakufa kwa aibu, si kwa ugonjwa. Usimwambie.”

'Matseko aliacha mkono hewani. Miaka ishirini hajawahi kumjibu mtu yule kitu zaidi ya ndiyo na asante. Nilidhani atakimbia.

“Sitamwambia, ntate-moholo,” akasema, kwa sauti nyembamba ya binti yake. Kisha akaendelea kusafisha.

Letlatsa alikuwa amekuja mara mbili, zote mchana, wakati mzee ameshaoshwa. Mara ya kwanza nilimwambia Khauhelo ameenda kuchota maji. Mara ya pili, ameenda kutafuta kuni. Akasema msichana huyo sasa ni mchapakazi sana. Nikamwambia amerithi kwa upande wangu. Aliondoka akiangalia huku na huku. Baadaye mvua ikaujaza mto, na kwa siku sita nikalala vizuri, nikimshukuru Mungu kwa mafuriko huku wenzangu kanisani wanaomba yaishe.

Yakaisha Jumatatu ya wiki ya tatu. Zilikuwa zimebaki karatasi mbili, ya hesabu Jumatano na ya sayansi Alhamisi. Jumanne asubuhi nilitoka mlangoni mara saba. Mara ya nane niliona farasi mweupe kwenye kivuko, yuko mbali bado, nikarudi ndani kumwambia 'Matseko afanye haraka. Lakini mzee alikuwa ameshageuzwa, kidonda kiko wazi, sabuni kila mahali. Huwezi kumwacha mtu hivyo. Nikafikiri nitamzuia Letlatsa nje kwa habari za mifugo. Nikanyanyuka, fimbo ikateleza kwenye maji, nikarudi kwenye kigoda kwa kishindo. Nilipopata pumzi, farasi alikuwa amefungwa na mlango umefunguka. Alibisha hodi akiwa ameshaingia.

Akasimama na kofia yake ya majani kichwani. Akamwona kaka yake bila shati. Akamwona mwanamke wa miaka arobaini na moja, kichwa wazi, mvi wazi, sweta ya shule imepasuka kwapani, mikono imezama kwenye povu. 'Matseko aligeuka rangi ya majivu.

“Letlatsa,” mume wangu akasema, bila kugeuza kichwa. “Funga mlango, baridi inaingia. Khauhelo, mpe babu yako kiti.”

'Matseko akatoa mikono kwenye beseni.

Sasa angepiga magoti tungekuwa tumekwisha. Niliyaona magoti yake yanaanza kukunjika, yenyewe, kwa mazoea. Kisha akayanyoosha. Akajifuta mikono kwenye sweta, akachukua kiti, akakivuta mpaka mbele ya Letlatsa, akakiweka, akainua uso akamtazama machoni kama watoto wa siku hizi.

“Karibu, ntate-moholo.”

Letlatsa alikaa. Alimtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama tundu la kwapa. Kisha akatazama mgongo wa kaka yake. Mwezi wa tisa alikuwa amekiona kidonda kile, akatoka nje akasimama muda mrefu na leso puani. Sasa alikisogelea, akainama, akakitazama mpaka nikaanza kuhesabu pumzi zake. Hakikuwa kikubwa kuliko kisoda.

“Shule inakwendaje?” akauliza, bado ameinama.

'Matseko aliachia darasa la saba. “Hesabu ni ngumu, ntate-moholo.”

“Na mama yako yuko wapi?”

“Ameenda kuchota maji.”

“Mm.” Akanyooka, akarekebisha kofia. “Umekua, Khauhelo.”

“Anakula vizuri,” nikasema.

Akakaa kidogo, akaongea na kaka yake habari za mto na za kondoo aliyesombwa. 'Matseko akamalizia kazi mbele yake. Akamgeuza mzee, akamvika shati, akamwegemeza kwenye mto wa kulalia. Letlatsa alifuata ile mikono na macho. Alipotoka nilimfuata kwa fimbo yangu mpaka kwenye farasi, kwa sababu nilitaka kuona uso wake, na uso hakunipa. Alipanda, akakusanya hatamu.

“'M'e 'Maseabata,” akaniambia kutoka juu, “sweta ile imembana. Mnunulieni nyingine.”

Akaenda. Chini ya kijiji chetu njia inagawanyika, ya kushoto inashuka mtoni, kwake, na ya kulia inapanda mlimani, shuleni. Nilisimama nimeegemea ukuta wa zizi. Farasi alifika pale akasimama. Letlatsa akatoa kiko, akakijaza, akakosa kiberiti, akajipapasa mfuko mmoja na mwingine. Nilitamani nikimbie nimpelekee kaa la moto kwa mkono mtupu, ili aamue. Farasi akanyoosha shingo upande wa kulia, kwenye majani. Letlatsa akamwacha ale. Kisha akavuta hatamu, wakashuka kushoto, taratibu, mpaka kofia yake ikazama kwenye miti ya mfereji.

Jumatano ikapita. Alhamisi ikapita.

Ijumaa, jua likiwa juu, Khauhelo aliingia na godoro lake kichwani na vumbi mpaka kwenye kope. Amekonda. Hakuuliza kitu, hakunisalimia hata, alitupa godoro, akaenda kumwinamia babu yake, akamfunua mgongo. Akakiona kidonda. Akakigusa pembeni kwa kidole, akaniangalia, akakitazama tena. Kisha akakunja mikono ya shati lake na kutafuta beseni.

“Nani huyo?” mume wangu akauliza.

“Ni mimi, ntate-moholo. Khauhelo. Mtihani umeisha.”

Mume wangu akatazama paa.

“Khauhelo yupo,” akasema. “Ameenda kuchemsha maji.”

Msichana akanigeukia, na kabla sijajibu 'Matseko akaingia na beseni linalotoa mvuke. Alimwona binti yake. Nilikumbuka alichosema bandani, kwamba siku mtihani ukiisha na hili limeisha, nikamwona naye anakumbuka. Kitambaa kilikuwa mkononi, hakikuwa kichwani. Alisimama hapo kama mtu aliyefika kwenye ile njia panda, na mvuke ukimpanda usoni.

Halafu akapita mbele ya binti yake, akaweka beseni chini, akaketi kitandani.

“Geuka, ntate-moholo,” akasema.

Khauhelo alibaki katikati ya nyumba na mikono yake miwili mitupu. Alisogea kusaidia, mama yake akamzuia kwa kiwiko. Alichukua taulo, nikamnyang'anya. Akaenda mlangoni akatazama mlima, akarudi, akaenda tena.